Geto langu, lami na zile kota za Magomeni

Najua nimepotea kidogo, tesiti zilinibana. Leo nimerudi na jambo linaloniwasha.

Juzi kwenye semina tulibishana kuhusu namna ya kufufua mitaa ya zamani ya Dar. Mshikaji mmoja akasimama, akasema kwa kujiamini kabisa: "Vunja zote, panga upya, weka maghorofa, kwisha kazi." Darasa likapiga makofi. Mimi nikabisha, muda ukaisha, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwanza nimpe haki yake. Jiji linatambaa kila upande na watu wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Kujenga kwenda juu, karibu na mjini, kuna maana. Magomeni Kota ni mfano: zilikuwa nyumba chakavu, leo ni maghorofa, na mwendokasi inapita Barabara ya Morogoro hapo jirani.

Ila jamani, tuhesabu na muda. Wakazi wa pale, kaya 644, waliondolewa mwaka 2011 kupisha ujenzi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akawaahidi kuwa watajengewa na kurudi. Maghorofa yakazinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Kurudishwa ni jambo jema sana, maana mara nyingi ukishahamishwa ndiyo imetoka hiyo. Lakini ni zaidi ya miaka kumi! Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza amerudi na umri wa kuja chuo. Katikati hapo, nani alimwangalia bibi akiugua usiku? Nani alimkopesha mama ntilie unga? Ghorofa unaweza kuligharamia kwenye bajeti. Ujirani huo utauandika fungu gani?

Sasa nenda Hananasif, Kinondoni. Mvua zikinyesha, maji yalikuwa yanaingia hadi ndani. Miaka ya 1990 hawakuvunja mtaa. Wakazi walishirikiana na jiji, wataalamu wa Ardhi na ILO, wakajenga mitaro na barabara za ndani, na vibarua wengi walitoka mtaani humo humo wakalipwa. Mtu akawa anaboresha mtaa wake huku analala kwake. Huko ndiko kufufua ninakokuelewa mimi.

Hata hivyo tusidanganyane, njia hiyo nayo ina mwiba wake, na mwenzenu umenichoma. Mwaka jana barabara ya mtaa ninaopanga iliwekwa lami. Tulishangilia kweli. Miezi miwili baadaye mwenye nyumba akaja na kodi mpya, bumu lenyewe mnalijua. Mimi nimebana matumizi nikabaki. Jirani yangu, fundi cherehani mwenye watoto watatu, akafunga virago. Lami imekuja, wateja wake wamebaki, yeye hayupo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwanza tuboreshe watu wakiwa hapo hapo. Pili, pakilazimika kuvunjwa, pavunjwe kwa awamu: jenga jengo moja kwenye eneo lililo wazi, hamishia watu humo, ndipo ubomoe walikotoka. Tatu, wapangaji wahesabiwe na waitwe kwenye vikao tangu siku ya kwanza, maana mara nyingi anayesikilizwa ni mwenye nyumba, wakati kwenye nyumba moja kuna vyumba sita na familia sita.

Sisi tunaosomea mipango miji kesho tutapewa kalamu na ramani. Ukichora mstari, kumbuka kuna mtu amelala chini yake.

Mshikaji wangu, ukisoma hii njoo tumalizie ubishi kwenye kibanda cha chai. Utalipa wewe, mimi kodi imenimaliza.

Nawasilisha.