Motokari Mpya Inalia: Ni Nani Anayeisikia?



Umeweka faranga miaka mingi, na sasa motokari mpya imesimama mbele ya nyumba. Majirani wamekuja kuiangalia, watoto wameosha vioo mara tatu. Juma la pili bibi yako anakuambia: «Baba, kuna kitu kinalia kule chini.» Wewe unajibu: «Hapana, motokari ni mpya.» Unapandisha redio, na maneno yanakwisha.

Kwa maoni yangu jibu hilo ni baya, na sababu yake iko ndani ya sikio lako.

Wewe unayefanya kazi penye mashine ya kutoboa mawe, penye mashine ya kuyavunja, ao katika garaji ya malori makubwa, kelele inakula masikio yako polepole, bila maumivu. Ikifika desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, hatari imekwisha kuanza. Tena kelele haiui sauti zote pamoja. Inaanza na zile nyembamba, karibu na hezi 4000. Ndiyo maana mtu anafika kwetu dispensari akisema anasikia vizuri sana: mngurumo wa motere anausikia, kapita wake anamsikia (hata asipotaka). Lakini tukimpima kwa mashine, sauti nyembamba hazimfikii. Masikio yakiisha kufa namna hiyo, hakuna dawa ya kuyarudisha. Na freni zenye ugonjwa, mara nyingi, zinalia kwa sauti nyembamba.

Basi, nyumbani kwako mwenye masikio mazima ni bibi, ni watoto. Wakisema motokari inalia, usiwapime kwa masikio yako.

«Lakini ni mpya!» Fikiri njia iliyopita. Motokari nyingi za kwetu zinavuka bahari katika meli, zinateremshwa Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia hadi Kasumbalesa, kiisha Lubumbashi na Likasi, ndipo zinafika Kolwezi. Kwa safari ya namna hiyo viwanda vinajaza mipira pumzi kupita kiasi, na katika motokari nyingine wanaweka vipande kati ya springi ili isichezecheze. Ni kazi ya muuzaji kuviondoa. Akisahau, utasikia kishindo kila shimo. Magurudumu nayo, kama yalifunguliwa, ekru zake sherti zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Gurudumu lililolegea linagonga, kiisha linatoka.

Si kila kelele ni kifo. Kutu kidogo juu ya sahani za freni inakwaruza asubuhi na kwisha ukifunga freni mara chache. Kijiwe cha barabara zetu za vumbi kikiingia kati ya sahani na bati lake, kinapiga kelele ya kutisha, na dawa yake ni kukitoa tu.

Utajuaje tofauti? Fanya kama tunavyofanya na mgonjwa: tunauliza kabla ya kugusa. Inalia wapi, mbele ao nyuma? Tangu siku gani? Unapofunga freni, unapokata kona, ao inaongezeka pamoja na mwendo? Andika majibu kwenye karatasi, pamoja na tarehe na kilometa. Kiisha safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwa moja lina moto kupita mwenzake wa upande wa pili, freni yake pengine imeshika. Hiyo ni homa, na homa naijua. Usiendeshe tena mpaka itazamwe.

Karatasi hiyo ipeleke kwa muuzaji wakati garanti ingali hai, kabla fundi wa pembeni ya barabara hajafungua kitu. Akikuambia «itazoea», mwombe aandike neno hilo na kutia sahihi.

Watu wengine watasema ninakuza jambo dogo. Barabara yetu ya Likasi na Kolwezi tunaijua wote: motokari ya jamaa inapishana na malori ya shaba na ya asidi, katika vumbi. Mwezi wa pili wa 2019, kule Kabwe karibu na Tenke, lori la asidi liligongana na magari mengine, watu wapata 20 wakafa. Katika barabara ya namna hiyo, mwenye freni mbovu hana pahali pa kukimbilia.

Neno moja la mwisho juu ya garaji. Fundi naye ameishi miaka kati ya nyundo na motere, masikio yake pengine ni kama yako. Akizunguka na motokari na kusema hasikii kitu, usirudi nyumbani bado. Mpandishe bibi yako ao mtoto aliyesikia, aketi mbele karibu na fundi, na sauti ikitokea aonyeshe kwa kidole.