Nyumba Moja Haimlei Mtoto

Wapo wazazi katika nchi yetu waliokata shauri kuwaondoa watoto wao shuleni wakawasomesha nyumbani. Si wavivu wala si wajinga. Aghalabu wamesoma, nao hutumia fedha na saa nyingi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo siwatukani. Lakini nasema wazi kwamba wamekosea, na kosa lenyewe si la hesabu wala la sarufi, maana mtoto wao aweza kuyajua hayo kuliko mtoto wa shule. Kosa lao ni kudhani kwamba mtoto aliyepata masomo amepata malezi yote.

Tuzisikize hoja zao kwanza, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu asiyesikizwa. Wanasema madarasa yamejaa mno, hata mwalimu hawezi kumjua kila mtoto. Ni kweli. Wanasema fimbo, iliyopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, haijatoweka kabisa. Ni kweli pia. Wanasema huko mtoto hujifunza matusi, na wakubwa huwaonea wadogo. Nani aliyepita shuleni atabisha? Lakini nyumba inayovuja huezekwa upya. Mwenyewe hahamii mtini. Mzazi hodari amwondoapo mtoto wake, huiondoa pia sauti yake katika mkutano wa wazazi, na watoto wa wasio na sauti hubaki chini ya paa lile lile linalovuja.

Husema tena kwamba wazee wetu waliwafunza watoto wao nyumbani. Hiyo ni nusu ya kweli. Mtoto wa Kimasai au wa Kikuyu alilelewa na mamaye, lakini alitahiriwa pamoja na rika lake, na rika ndilo lililomfunza kushirikiana, kungoja zamu na kuona haya. Mtoto wa pwani alitoka kwao akaenda chuoni, akaketi mkekani na watoto wa mtaa. Hadithi ya bibi wakati wa usiku ilisikizwa na watoto wa nyumba zaidi ya moja. Wazee hawakumfungia mtoto ndani wakaita kufungia huko malezi.

Je, mwenzake humfunza mtoto jambo gani asiloweza mzazi? Mzazi humpenda mwanawe kabla hajatenda lolote, na humsamehe kabla hajaomba radhi. Mwenzake hana deni hilo. Mtoto akidanganya katika mchezo, wenziwe humtoa. Akinyima, hunyimwa. Akitaka kurudi mchezoni hana budi kujirekebisha. Ndugu tunapewa, rafiki tunamtafuta. Na kutafuta huko ni elimu isiyoandikwa katika kitabu.

Uingereza alizaliwa mwaka 1806 mtoto aitwaye John Stuart Mill. Baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani: Kiyunani tangu umri wa miaka 3, Kilatini tangu miaka 8, naye akamtenga na wavulana wengine asije akaharibiwa nao. Mtoto akawa bahari ya elimu, na baadaye mwanafalsafa mkuu. Mwenyewe alikiri kwamba malezi yale yalimtanguliza mbele ya wenzake kwa robo karne. Lakini katika habari za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1873, alikiri pia kwamba yalimwandaa kujua kuliko kutenda. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alishikwa na simanzi kubwa hata asione raha katika jambo lolote. Sisemi kuwa upweke peke yake ulimleta huko. Yeye alishtaki mazoea ya kuchambua kila kitu huku hisia zake zikiachwa bila kukuzwa. Nauliza tu: kama akili ile kubwa ilidaiwa gharama hiyo, mtoto wa kawaida atadaiwa nini?

Sisi wenyewe tulipata somo karibu zaidi. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Hayakuwafikia wote, lakini hata waliofikiwa walinyong'onyea. Hesabu ilikuja kwa redio; mwenza hakuja kwa redio.

Watajibu kwamba huwapeleka watoto wao michezoni, na katika nyumba za wazazi wenye nia kama yao. Vema; lakini wenza hao wamechaguliwa na baba, nao wana imani yake na mfuko kama wake. Dawati la shule humketisha mtoto wa daktari karibu na mtoto wa bawabu, na kabila hili karibu na lile, bila kumwuliza baba. Najua zipo shule za ghali zinazochagua vivyo hivyo. Nazo zibebe lawama hii. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi wa Ujerumani waliotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani. Ilikubali kwamba nchi ina haki ya kuzuia jamii zilizotengana zisimee ndani yake. Kwetu, Katiba ya 2010 ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikamwagiza mzazi kuhakikisha kuwa mtoto wake anahudhuria shule. Haki hiyo ni mali ya mtoto. Baba ni mtunzaji wake tu.

Simlaumu mzazi wa mtoto mgonjwa, wala yule ambaye shule imemkataa mwanawe kwa ulemavu. Huyo hakuchagua, aibu hiyo ni yetu sote.

Nawe msomaji, mtazame aliyeketi karibu nawe. Labda anakuudhi, na lugha ya kwao huijui. Hakuchaguliwa na mzazi wako. Siku moja mtapiga kura pamoja, na mtazikana. Anza kumjua leo.