Barazani kwa Mwalimu: Picha za Wazee Zipite Njia Gani?



Mwaka huu nakuja barazani nikiwa na deni. Waliofungua ukurasa wa harusi katika kitabu chetu cha mwaka jana waliona mahala patupu, pameandikwa jina la Bibi na mwaka 1955, picha hakuna. Wengi mmeniuliza, nami nimekuwa nikijibu juu juu. Basi leo naeleza. Mwenye kosa ni mimi.

Picha ile ilikuwa kwenye sanduku la Shangazi, Unguja. Bibi amekaa katikati ya wanawake wa ukoo siku alipomuoza mama yangu. Nilimwomba kijana wa nyumbani kule aipige kwa simu anipelekee kwa programu ya ujumbe, ile mnayoitumia nyote. Ikafika kwa dakika moja, nikaitazama kwenye simu, nikaiona nzuri, nikamwambia ahsante, mwanangu, kazi imekwisha. Haikwisha. Programu zile, ukituma picha kama picha, huipunguza kwanza ili isafiri upesi, na iliyonifikia mimi ilikuwa kilobaiti 180. Mpiga chapa alipoikuza kwa ukurasa mzima, uso wa Bibi ulikuwa kama unga uliomwagika. Nilipopiga simu Unguja waiskani upya, paa la nyumba lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo, masika yameingia, na picha za juu ya sanduku zimegandana na kuwa donge moja. Kijana naye alikwisha kuifuta simuni kupata nafasi. Kilichobaki duniani ni kile kipande cha kilobaiti 180, ambacho ukitaka kionekane vizuri huwezi kukichapa kikubwa kuliko kiberiti.

Sanduku lenyewe halikufa lote. Zimesalia picha kiasi cha 600, na chini yake bahasha ya karatasi: vyeti vya kuzaliwa, pasi za zamani, hati ya nyumba, na karatasi za mirathi ambazo baadhi yenu mnajua kwa nini sipendi zionekane na kila mtu. Shangazi amekubali zote ziskaniwe, kwa sharti moja. "Mwalimu," aliniambia, "safari hii usinipotezee." Nami nikamwahidi.

Idi iliyopita tulipokusanyika kwangu Maskati, mjadala ulikuwa huo huo, na kila mtu alikuwa na rai yake. Binti yangu wa Dubai alisema tutumie simu hiyo hiyo, ila tuchague kutuma kama dokumenti badala ya picha, kwani hapo haipunguzwi. Kweli, na kwa picha tatu nne ni njia nzuri, ishikeni. Kwa picha 600 mtu atachanganyikiwa asijue ipi imekwenda na ipi bado. Mwingine akasema barua pepe. Barua pepe asili yake ilibuniwa kuchukua maneno, kwa hiyo picha hugeuzwa herufi kabla ya kusafiri, ikavimba kwa kiasi cha thuluthi, na masanduku mengi ya barua hayapokei kinachozidi megabaiti 20 au 25. Ami yangu, ambaye haamini kitu asichokishika mkononi, akasema tumpe msafiri flashi aje nayo. Wakamcheka. Mimi sikumcheka, na mtaona sababu.

Hebu tupige hesabu, maana bila ya hesabu haya ni maneno ya baraza. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikiskaniwa kwa nukta 600 kila inchi, ina nukta 2,400 kwa 3,600, yaani 8,640,000. Kila nukta ya rangi huchukua baiti tatu. Pata kiasi cha megabaiti 26 kwa picha moja isiyobanwa. Mara 600, ni megabaiti 15,600. Nyumba ya Unguja, nilipowapimisha, inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, na hapa ndipo wengi wanapokosea: biti si baiti, baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 124,800 ugawe kwa 2, ni sekunde 62,400, yaani saa 17 na dakika 20, ikiwa umeme haukukatika hata mara moja. Ndege ya kutoka Unguja kuja hapa ni saa chache tu. Ami hakusema upuuzi. Lakini flashi ni ndogo kuliko kokwa ya tende, na pasi za wazee ndani ya mfuko wa msafiri, bila ya kufungwa kwa neno la siri, ni amana nzito kumtwika mtu. Tumekubaliana flashi ije pia, imefungwa, iwe nakala ya akiba.

Sasa tuje kwenye njia za kompyuta kwa kompyuta. Mpwa wangu wa Portsmouth, ambaye kazi yake ni hiyo, ana mashine nyumbani kwake inayowaka usiku na mchana, na alishatuwekea huko huduma ya FTP tangu miaka ya nyuma. Akasema, "Mjomba, ipo tayari, kwa nini tutafute nyingine?" Swali la haki, nami nikataka anifahamishe hiyo FTP ni nini khasa. Akaniambia ni protokali. Kwa Kiswahili tunasema itifaki, na sisi tuliosoma chuoni tunalijua neno hilo linakotoka: ni ittifaq ya Kiarabu, mapatano. Hapo nikaelewa mara moja. Mashine mbili haziwezi kupelekeana kitu mpaka zimepatana nani aanze kusema, nani aoneshe jina, mzigo upite mlango gani, na vipi ijulikane kwamba umefika. Njia zote nitakazozitaja ni mapatano ya namna mbalimbali, na tafauti zao ndizo za kuchagulia.

FTP ni mzee wao. Iliandikwa mara ya kwanza Aprili 1971 na Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma chuo cha MIT, Marekani, na kanuni zake zikapangwa upya mwaka 1985. Wakati huo waliokuwa kwenye mtandao ni wachache, watu wa vyuo na maabara, na hakuna aliyedhani mwenzake atamsikiliza kwa ubaya. Kwa hiyo FTP ya asili hupeleka jina lako, neno lako la siri, na faili lenyewe wazi kabisa. Yeyote aliyekaa katikati ya njia, katika mtandao wa hoteli au wa mkahawa, anaweza kusoma. Ni kama kupeleka hati ya nyumba kwa kadi ya posta.

Ina vituko vingine viwili. Cha kwanza, hutumia milango miwili. Unabisha hodi mlango namba 21 kutoa maagizo, halafu kwa desturi ya zamani mashine ya upande wa pili ndiyo inayokugeukia na kukufungulia njia ya mzigo. Mlinzi wa mtandao wa nyumbani kwako, aliyeambiwa asimruhusu mgeni asiyeitwa, anamfukuza. Ndiyo maana mtu huingia vizuri, akaona orodha, na faili halitoki. Dawa yake ipo, humwacha mtumaji afungue milango yote miwili mwenyewe, lakini lazima mtu ajue kuichagua.

Cha pili kilitupata. FTP inajua kupeleka vitu kwa hali mbili, ya maandishi na ya baiti tupu. Kompyuta za Windows humaliza mstari kwa alama mbili, na za ukoo wa Unix kwa alama moja, kwa hiyo ukipeleka kwa hali ya maandishi, FTP hurekebisha mistari njiani ili msomaji asitaabike. Kwa barua ni ihsani. Kwa picha ni balaa, kwani ndani ya picha hakuna mistari, na kila inapokutana na namba zinazofanana na alama zile huzibadilisha. Tulijaribu picha 12 kwa programu ya zamani iliyokuwa imeachwa kwenye hali ya maandishi. Zote 12 zilifika, majina sawasawa, ukubwa karibu sawa, pungufu ya baiti kidogo tu. Hakuna hata moja iliyofunguka. Laiti tungalikuwa tumekwisha kuzirudisha karatasi sandukuni na kufuta nakala za Unguja, ningalikuwa na ukurasa mwingine mtupu wa kukuelezeni mwakani.

Mpwa akasema, basi tuivishe FTP nguo, iitwe FTPS. Nikamuuliza na SFTP je, niliyoisikia kwa wengine? Hapa shikeni vizuri, maana hata wauzaji wa maduka huchanganya. FTPS na SFTP ni kama Salim bin Said na Said bin Salim. Majina ni yale yale yamegeuzwa, na hawakuzaliwa nyumba moja. FTPS ni yule mzee wetu wa 1971, amefunikwa kwa ufumbaji ule ule unaolinda tovuti za benki. Maneno hayasomeki tena njiani, lakini milango yake miwili imebaki na ugomvi wake na walinzi umezidi, kwa kuwa sasa mlinzi hawezi hata kusikia kinachosemwa ndani. SFTP ni mtoto wa SSH, na SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen kule Finland, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo chao na kuvuna maneno ya siri. Kwa hiyo ilizaliwa kutokana na wizi, na siri imo katika mifupa yake. Hutumia mlango mmoja tu, namba 22, picha huipeleka baiti kwa baiti bila ya kuigusa, na kwa programu nzuri huweza kuendelea pale ilipokatika.

Nayo ina adabu yake. Mara ya kwanza unapoingia, mashine hukuonesha alama yake ya kidole, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ikakuuliza kama unaitambua. Watu wote, na mimi nikiwemo, tunabonyeza ndiyo bila ya kusoma. Hapo ndipo mwizi angeweza kujifanya ndiye Portsmouth. Mpwa amemsomea kila mmoja wetu alama hiyo kwa simu, kwa sauti yake, nasi tukailinganisha. Ilichukua dakika tatu. Badala ya neno la siri kila mtu amepewa funguo mbili: wa wazi unakaa kwenye mashine yake, na wa siri haumtoki mwenyewe, hata kwangu asinipe.

Hiyo ndiyo tuliyoichagua kwa sanduku la Shangazi, na FTP imezimwa. Mpwa alisononeka kidogo. Nilimkumbusha kwamba hata Chrome na Firefox ziliacha kufungua anwani za FTP mwaka 2021.

Lakini siwezi kumwambia halati yangu wa Seeb, mwenye miaka 81, ashughulike na funguo. Kwa wazee tumeweka ukurasa wa HTTPS, mlango 443: unapelekewa anwani, unagusa, unachagua picha, unaondoka. Maneno hufumbwa njiani kama SFTP, na hakuna mlinzi wa mtandao anayeufunga mlango huo, kwani akiufunga nyumba nzima itakosa intaneti. Ubaya wake ni kwamba ukurasa wa kawaida, ukikatika katikati ya faili, huanza upya. Kwa picha moja moja si taabu. Kwa saa 17 ni kichaa.

Imebaki kuweka nakala ya Portsmouth hapa Maskati. Hapo tunatumia rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, nayo tunaipitisha ndani ya SSH. Kazi yake ni kulinganisha pande mbili na kupeleka kilichopungua tu. Kwa picha mpya haina miujiza, picha mpya lazima ipite nzima, lakini kwa daftari la nasaba, ambalo kila wiki huongezwa mtoto mmoja au wawili, hupita mistari michache badala ya kitabu kizima. Ina khatari moja: ukiiamuru na kufuta, basi kilichofutwa kwa makosa Portsmouth usiku huo huo hufutwa na Maskati. Kwetu haina amri hiyo.

Na baada ya yote hayo hatuamini jina wala ukubwa. Kila picha hupigwa muhuri wa hesabu uitwao SHA-256 kabla ya kuondoka Unguja, herufi na tarakimu 64, ukapigwa tena inapofika. Ikibadilika hata baiti moja, mihuri hailingani. Karatasi hairudi sandukuni mpaka mihuri imelingana. Usiku wa kwanza zilikuja 41, umeme ukakatika mara mbili, zikaendelea. Mihuri 40 ililingana. Ya arubaini na moja tuliirudia asubuhi, nayo ni picha ya wavulana watano mbele ya skuli, wawili hatuwajui, imechapwa ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki ili mtusaidie majina.

Ama ile ya Bibi, nakuombeni. Siku hizo za 1955 mpiga picha alikuwa akitoa nakala zaidi ya moja, na wanawake waliokaa naye walikuwa tisa. Huenda mmoja wao alipewa yake, nayo imo kwenye droo ya mtu Mombasa, Dubai au Toronto. Mwenye kuiona asiipige kwa simu. Aniite kwanza.