Mchezo wa Matufe: Uzi Uamue, Mwalimu Asikilize

Kila mwanachuo amekwisha kuandika katika daftari lake kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Lakini wachache wetu huwa tayari kuuachia mchezo ufundishe. Twauanzisha, kisha twaamua wenyewe nani kashinda, na fundisho lote hutuponyoka.

Aliyepata kufundisha Kifungilo, au popote katika milima ya Usambara, aijua shida ya viwanja. Ardhi tambarare ni haba. Mpira ukipigwa kwa nguvu huteremka bondeni, na nusu ya kipindi huishia katika kuufuata. Ndiyo maana twaupendekeza mchezo wa kuviringisha matufe. Waingereza huucheza juu ya majani yaliyokatwa sawasawa, na zama za ukoloni ulichezwa katika vilabu vya Wazungu. Ulikuwamo pia mwaka 1930, ilipoanza michezo ambayo leo huitwa ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, mchezo wenyewe hauhitaji klabu wala bustani.

Uwanja wa hatua 15 kwa 3 watosha. Fungeni matufe manne ya matambara kwa kamba za mgomba, kila moja likitiwa jiwe dogo ndani lipate uzito. Mawili yatiwe alama ya masizi. La tano, dogo kuliko yote, ndilo shabaha. Wacheze marafiki wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na tufe lake. Anayeanza huviringisha shabaha, kisha tufe. Mpinzani hufuata, kwa zamu, mpaka matufe yote manne yaishe. Tufe huviringishwa chini, halirushwi. Upande wenye tufe lililo karibu zaidi na shabaha hupata pointi moja. Hupata mbili ikiwa matufe yake yote mawili yamekaribia kuliko ya wapinzani. Watakaotangulia kufikisha pointi 7 ndio washindi.

Tulipoujaribu mchezo huu katika shule moja, matufe mawili yalionekana kulingana, na ubishi ukazuka. Tukatazama kwa jicho, tukakata shauri. Msichana mmoja wa darasa la tatu akachomoa uzi katika pindo la sweta lake, akapima, akatuonyesha kwamba tumekosea. Tukamwamuru akae. Akakaa, na siku ile hakucheza tena. Mtoto yule alikuwa amefanya lile hasa ambalo shule humtaka afanye, nasi tukamwadhibu kwa kulifanya.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: uzi uwekwe kando ya uwanja, na mwalimu asiamue. Wanafunzi wakadirie kwanza, kisha wapime, waandike tofauti kwa sentimita. Waulizwe pia kwa nini tufe halinyoki. Matufe ya Waingereza yamechongwa upande mmoja usilingane na wa pili, hata kasi ikipungua hupinda. Ya kwetu hupindishwa na jiwe lisilokaa katikati, na mteremko huongeza.

Wapo watakaosema kwamba ubishi hula wakati wa muhtasari. Twawajibu kwamba kupima, kutoa na kulinganisha ni muhtasari wenyewe. Tena mchezo huu humpa nafasi mtoto asiyeweza kukimbia: ndugu yake uitwao boccia, unaochezwa kwa kuketi, umo katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1984.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mtaona haya siku mtoto atakapowasahihisha mbele ya darasa. Vumilieni haya hiyo. Mpeni uzi apime tena, darasa zima likitazama, kisha semeni wazi kwamba yeye ndiye aliyepata.