Nintendo Switch 2: mashine nzuri, kadi tupu, na swali la koltani

Nintendo Switch 2, mashine ya michezo iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, imeanza kuonekana hapa Bunia. Ile tuliyoishika ilipitia Uganda, katika mzigo wa mfanyabiashara mmoja. Kule Marekani iliingia sokoni kwa dola 449,99. Ongeza usafiri na forodha, kisha piga hesabu ni mishahara mingapi ya mwalimu.

Tuseme ukweli: ni nzuri. Kioo chake cha inchi 7,9 kinakipita mbali kile cha mashine ya kwanza ya mwaka 2017. Manete zake mbili zinashikwa na sumaku, hazisukumwi tena kwenye reli. Mchezo wa Mario Kart World unaweka washindani 24 katika mbio moja, na watoto waliokuwa pembeni yetu hawakutaka kuachia. Tena umeme ukikatika, unaitoa kwenye televisheni na kuendelea nayo mkononi. Betri inadumu kati ya saa 2 na 6 na nusu, kadiri ya mchezo.

Kinachotukera ni kadi. Michezo mingi ya makampuni mengine inauzwa kwa kadi ambayo haina mchezo ndani. Ni ufunguo tu. Unaiweka, mashine inaomba intaneti, kisha unapakua mchezo wote, mara nyingine makumi ya gigabaiti. Mtu wa Tokyo hatahangaika. Mzazi wa hapa, anayenunua megabaiti za siku moja moja, atalipa mchezo uleule mara mbili. Na siku kampuni itakapozima seva zake, atabaki na kipande cha plastiki. Boksi linaonya, ndiyo, lakini si kwa lugha ambayo kila mama sokoni anaisoma. Wauzaji wetu wamwambie mnunuzi kabla hajatoa pesa.

Kuna jambo lingine ambalo boksi halisemi kabisa. Ndani ya vifaa vya elektroniki mara nyingi mna tantali, inayotoka katika koltani. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda ghafla, PlayStation 2 ilitajwa pamoja na simu, na Kivu iliona yaliyofuata. Leo machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yako mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo linakusanya hapo angalau dola 800 000 kwa mwezi kwa kutoza koltani. Mchimbaji anaingia shimoni na jembe.

Tangu tarehe 1 Januari 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wanaoingiza kwa wingi tantali, bati, tungsteni na dhahabu wachunguze chimbuko lake. Lakini inahusu madini na metali, si mashine iliyokwisha kutengenezwa. Koltani ikishaingia ndani ya mchezo wa mtoto, inapita bila kuulizwa. Kinshasa ilitia sahihi makubaliano ya madini na Umoja huo Oktoba 2023. Basi viongozi wetu, wanapokaa mezani na Brussels, waombe sheria hiyo ifike mpaka kwenye boksi la dukani.