Kengele Kabla ya Kona

Ndugu zangu waendesha baiskeli, maneno haya nawaandikia ninyi, nami ni mmoja wenu.

Jumamosi moja asubuhi, katika msitu wa Karura jijini Nairobi, bibi mmoja alisimama njiani na mjukuu wake wakimtazama kima mtini. Ghafla kijana akachomoka konani na baiskeli yake, anateremka mbio, kengele hana. Breki zikalia, tairi la nyuma likaburuza udongo mwekundu, na bibi akamvuta mtoto kwa nguvu hata kiatu kikamtoka mguuni. Hakuumia mtu. Kijana akasema, "Pole, shosho," akaenda zake. Bibi akaokota kile kiatu, akakikung'uta, akanigeukia: "Hawa wafukuzwe tu."

Tusilipuuze neno hilo, kwani kwingine limekwisha kuwa sheria. Kule Marin, California, ndiko mchezo wetu wa baiskeli za milimani ulikolelewa ungali mchanga. Mwaka 1976 vijana walianza kushindana kuteremka njia moja ya mlimani waliyoiita Repack, yaani "jaza upya," kwa sababu breki za baiskeli zao kuukuu zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi kitovu cha gurudumu kijazwe grisi upya. Haikupita miaka mingi, watembea kwa miguu na wapanda farasi wakalalamika, na njia nyingi nyembamba zikafungwa kwa baiskeli. Barabara pana za milimani walizoachiwa waendesha baiskeli zikawekewa kikomo cha mwendo: kilomita 24 kwa saa, na 8 penye kona isiyoonyesha mbele. Mwaka 1988 vyama vya waendeshaji wa California vikaunda IMBA, chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, vikahimiza wanachama wapishe wengine, wasishtue wanyama, wasiharibu njia. Ushauri mwema, lakini ulikuja milango imekwisha kufungwa. Mchezo ulifungiwa nje ya nyumba ulimolelewa.

Basi kanuni mpya zinapobandikwa langoni, tusianze kwa kununa. Tuulize kila moja inalinda nini. Chukua ile inayotuudhi kuliko zote, ya kutoendesha njia ikiwa imelowa. Tairi likipita kwenye tope huacha mfereji mwembamba kama kidole. Mvua ya jioni hufuata mfereji huo, kwa kuwa maji hayatafuti njia nyingine yakishapata ya bure. Kesho yake mfereji umekuwa dimbwi; sisi tunalikwepa kwa kupita majanini, na njia ya mtu mmoja inageuka uwanja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa tunauchimba wenyewe.

Najua litakalojibiwa: "Tumelipa kiingilio." Ni kweli, lakini kiingilio hulipia siku moja. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda Karura kupanda mti, kupinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi, wakashambuliwa na kupigwa, naye akapasuliwa kichwa. Kivuli tunachopita chini yake kililipiwa na hao. Aliyepewa urithi kwa bei hiyo haoni uzito kupunguza mwendo ampishe mzee.

Na ninyi viongozi wa vikundi, msiyaache haya kwa askari wa msitu peke yao. Askari hawezi kusimama kila kona, lakini ninyi mnawajua vijana wenu kwa majina. Anayepita njia iliyofungwa, akemewe na wenzake kabla hajakamatwa na mlinzi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkiona haya kumkanya mmoja, mtakuja kulia wote siku lango litakapofungwa.

Sikatazi mbio. Anayetaka kasi aitafute palipotengwa kwa mashindano, au kwenye mlima wa kupanda, ambako miguu hupimwa kwa haki. Penye watu, tuwe watu. Anayeteremka ampishe anayepanda. Breki ishikwe mapema, tairi lisichimbe udongo. Kengele ilie kabla ya kona.

Na ukimkuta shosho na mjukuu wake, teremka kwenye tandiko, umwamkie, ungoje wapite. Huenda mtoto akaitamani baiskeli yako, na shosho asimkataze.