Nyimbo za baba wodini

Tangu baba alazwe kwa ugonjwa wa moyo, kila anayekuja kumjulia hali ana neno kuhusu simu tuliyomjazia nyimbo. Nawajibu hapa, maana kule wodini muda wa kuona wagonjwa hautoshi.

Kwanza wanaosema muziki unatibu moyo. Hautibu. Mshipa ulioziba hauzibuliwi na wimbo, na kidonge cha presha hakina badala. Dai hili ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu mgonjwa akijisikia nafuu anaweza kuacha dawa. Muziki unagusa hofu. Na hofu si jambo dogo kwake: ikipanda, mapigo yanakwenda mbio, presha nayo inapanda, na moyo uliochoka unatwishwa mzigo mwingine.

“Basi ni kujiliwaza tu, hakuna ushahidi.” Upo. Mwaka 2013 Joke Bradt na wenzake walichapisha, kupitia Cochrane, shirika la kupitia tafiti za tiba, mapitio ya majaribio 26 yaliyohusisha wagonjwa 1,369 wa mishipa ya moyo. Waliosikiliza muziki walielekea kupungukiwa na wasiwasi, hasa waliokuwa wamepata shambulio la moyo. Majaribio mengi yalikuwa na kasoro, na watafiti wenyewe walilisema hilo. Mojawapo: si rahisi kumficha mtu kwamba anasikiliza muziki. Nalikubali. Hata nafuu ya kiasi, isiyomdhuru wala kumgharimu, namtakia baba yangu.

Shangazi naye anasisitiza awekewe ala za Kizungu, eti ndizo zinazotuliza. Hapa sikubali hata kidogo. Mapitio hayohayo yaliona nafuu kubwa zaidi pale mgonjwa alipochagua mwenyewe. Jioni ya kuamkia kipimo cha mishipa, vidole vya baba vilikuwa vikifinya pindo la shuka bila kukoma. Tukamwekea piano, vidole vikaendelea. Akaomba Black Star, taarab ya Tanga ya ujana wake. Wimbo wa pili haujaisha, vidole vilikuwa vimeliacha shuka, vinafuata mdundo juu ya kifua, taratibu, mpaka vikatulia.

Na wanaosema lazima aje mtaalamu: katika majaribio 23 kati ya yale 26 hakukuwa na mtaalamu wa tiba ya muziki.

Na wewe unayemwekea nyimbo za kasi ukidhani unamchangamsha, punguza mwendo. Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu 24 wenye afya. Muziki wa kasi uliwaongezea pumzi, mapigo na presha. Kimya cha dakika 2 kilichopachikwa katikati kikashusha mapigo na presha hata chini ya viwango vya mwanzo. Kwa hiyo baina ya nyimbo namwachia baba kimya. Jirani wa kitanda cha pili ana moyo wake pia, ndiyo maana tumenunua spika za masikioni. Saa tatu usiku, akishameza vidonge vyake, nazima.